Mwanangu kapigwa risasi, na mtu asiye daktari anakuja kitandani kwake. Nimwamini?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watano. Tulitoka Fizi, Kongo, tukakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania, miaka mingi, sasa tuko Marekani tangu 2017. Mwanangu wa pili, mwenye miaka 17, alipigwa risasi ya paja Ijumaa usiku akitoka kazini. Wamempasua, anaendelea vizuri. Lakini tangu Jumamosi kuna bwana anakuja, hana koti jeupe wala sare, mikono imejaa michoro. Anakaa na mwanangu wanaongea, nikiingia wananyamaza. Ameniambia yeye ni wa programu ya hospitali ya vijana walioumizwa, na kwamba hata yeye aliwahi kupigwa risasi. Anaomba aje nyumbani tukisharuhusiwa. Mume wangu anasema huyo ni polisi wa siri, tena anataka kijana apelekwe kwa mjomba wake jimbo jingine haraka. Kanisani wameanza kusema mwanangu yuko kwenye genge. Nifanye nini?

JIBU: Mama, pole sana, na baba watoto mpe pole yangu. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii katika wodi za majeruhi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na swali lako wazazi wetu wengi wanalo, ila wanaona haya kuuliza. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu uamuzi mtakaoufanya wiki hii una uzito mkubwa.

Nianze na hili la polisi. Kwa jinsi ulivyomweleza, bwana huyo si askari. Lakini usitegemee neno langu peke yake, hakikisha mwenyewe. Mwombe akuonyeshe kitambulisho cha hospitali, kisha nenda wanapokaa manesi wa wodi uwaulize kama wanamfahamu na anafanya kazi chini ya nani. Wanaofanya kazi hii wamezoea kuulizwa hivyo, wala hawachukii.

Naelewa mume wako alikolitoa wazo lake. Mtu aliyeishi Kigoma amezoea kuona hospitali na polisi vikienda pamoja: majeruhi wa kupigwa anadaiwa PF3, ile fomu ya polisi, na kwenye vituo vya Mkono kwa Mkono daktari, ustawi wa jamii na askari wa dawati la jinsia na watoto wamewekwa mahali pamoja makusudi, ili mtoto aliyefanyiwa ukatili asizungushwe. Kwa kesi zile huo ni utaratibu mzuri. Programu za Marekani kwa vijana waliopigwa risasi au kuchomwa visu zimejengwa kinyume chake: zimetengwa na polisi, na zinajitahidi zibaki hivyo. Polisi wana njia yao ya kufika. Karibu kila jimbo linailazimisha hospitali iwaarifu akiletwa mtu mwenye jeraha la risasi, atake asitake. Kama walifika Ijumaa usiku, walikuja kwa sheria hiyo, hawakuitwa na huyu bwana. Siku mtu wa programu atakapompeleka kijana mmoja polisi, habari itaenea mtaani siku hiyo hiyo, na hakuna kijana mwingine atakayemfungulia kinywa. Kazi yake itakuwa imekwisha, naye analijua hilo vizuri kuliko mimi na wewe.

Siri hiyo ina mipaka, nayo uifahamu tangu mwanzo. Kijana akisema amekusudia kumuua mtu fulani, au kujiua, au ikijulikana kuna mtoto anayeteswa nyumbani, mfanyakazi wa hospitali kwa kawaida anawajibika kuchukua hatua. Muulize mbele ya mwanao: yapi utayatunza, na yapi huwezi kuyatunza? Mtu anayeijua kazi yake atakujibu bila kuzunguka.

Polisi wenyewe wakija, kumbuka kwamba mwanao ndiye aliyedhurika. Akiwa amelewa dawa za maumivu, halazimiki kujibu maswali papo hapo. Una haki ya kuomba wasubiri, na kuomba uwepo wakati wa mazungumzo. Wakichukua nguo au simu yake kama ushahidi, omba karatasi inayoonyesha wamechukua nini na nani amechukua.

Sasa, kwa nini hospitali imtume mtu mwenye michoro mikononi badala ya mtu wa tai? Kwa sababu kazi hii ilianzishwa na mtu wa aina yake. Kijana wa Oakland, California, aitwaye Sherman Spears, alipigwa risasi mwaka 1989 akabaki kwenye kiti cha magurudumu. Alipokuwa amelazwa aliona kwamba madaktari wanajua kuutibu mwili wake, lakini hakuna aliyejua maisha anayorudi kuyaishi. Baadaye akaanza kuwatembelea vijana waliolazwa Highland Hospital kwa majeraha kama yake, na mwaka 1994 shirika la Youth ALIVE! likaigeuza kazi hiyo kuwa programu, Caught in the Crossfire. Mwaka 1998, upande wa pili wa nchi, daktari wa upasuaji Carnell Cooper alianzisha programu kama hiyo katika kituo cha majeruhi cha R Adams Cowley, Baltimore, baada ya kuchoka kuwaona vijana aliowashona wakirudishwa na majeraha mapya. Leo ziko katika makumi ya miji. Uingereza nayo iliifuata njia hiyo: London katika King's College Hospital kuanzia 2006, na Glasgow katika Royal Infirmary kuanzia 2015.

Dk. Cooper na wenzake walichapisha utafiti wao mwaka 2006. Walichukua wagonjwa 100 waliokuwa wamekwisha kulazwa zaidi ya mara moja kwa kushambuliwa, wakawagawa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa mtu wa kuwafuatilia na wengine wakabaki na huduma ya kawaida. Waliofuatiliwa, asilimia 5 walirudi hospitali na jeraha jingine la kushambuliwa. Wenzao, asilimia 36. Ulikuwa utafiti mdogo, na tafiti zilizofanywa miji mingine hazikuona tofauti kubwa hivyo kila mara, kwa hiyo sikupi namba hizo kama ahadi. Mimi naziamini programu hizi zaidi kwa yale ninayoyaona baada ya mgonjwa kuruhusiwa, na hapo ndipo ninapotaka ukae nami kidogo.

Wodini mwanao yuko salama. Mlango unafungwa, nesi anapita kila saa, maumivu yana dawa. Hatari inaanza wiki za kwanza nyumbani. Anarudi mtaa ule ule akiwa na magongo, hawezi kukimbia. Aliyempiga huenda yuko nje na hajulikani. Simu imejaa ujumbe: wengine wanampa pole, wengine wanamuuliza ni nani, wengine wanamwambia wako tayari kwenda kumlipizia. Kazini nafasi yake inaweza kupewa mwingine. Usiku hapati usingizi. Kijana wa namna hiyo, hata kama hajawahi kushika silaha maishani, anaweza kuanza kufikiri kwamba akiwa nayo atalala. Huyu bwana amefika kitandani mapema ili mwanao awe na mtu wa kumpigia simu saa nane za usiku wazo hilo litakapomjia.

Ndiyo maana wananyamaza ukiingia. Najua inauma, mama mzazi kunyamaziwa na mwanao. Lakini mtoto wako amekuona ukibeba mengi tangu Fizi, na hataki kukuongezea kwa kukuambia kwamba anaogopa, au kwamba rafiki zake wanapanga kisasi. Kwa mtu aliyelala kitanda kama chake na akasikia maneno yale yale kutoka kwa rafiki zake, anaweza kuyasema. Usiwachungulie. Wewe omba kitu kimoja tu: uzungumze na huyu bwana peke yenu, kwa mkalimani, akueleze mpango wake wa usalama kwa siku ya kwanza mtakaporudi nyumbani. Mtapita njia gani, nani atakuwepo, kijana atakaa chumba gani, nani anaruhusiwa kuja kumwona. Hayo hayavunji siri ya mtu.

Kwa habari ya mkalimani, usikubali mtoto wako mdogo afanye kazi hiyo. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupa mkalimani wa Kiswahili bila malipo, ana kwa ana, kwa simu au kwa video. Haki hiyo inatokana na sheria ya haki za raia ya 1964, na kanuni za afya zinakataza kumtegemea mtoto kutafsiri isipokuwa kwa dharura. Mtoto wa miaka kumi na miwili hapaswi kuwa ndiye anayemwambia mama yake kwamba risasi ilipita sentimita chache kutoka kwenye mshipa mkubwa.

Kuna mambo mawili ya wodini yanayowachanganya wazazi wengi. La kwanza, huenda ndugu walipiga simu wakaambiwa hakuna mgonjwa wa jina hilo. Msidhani wamempoteza. Hospitali nyingi humwandikisha aliyepigwa risasi kwa jina jingine, au huzuia habari zake zisitolewe kwa simu, ili aliyemdhuru asijue alipo. Basi nanyi msiivunje kinga hiyo. Mwombe mchungaji na wale wa makundi ya WhatsApp wasiweke picha yake kitandani, wala jina la hospitali, wala siku ya kutoka. Watu wanafanya hivyo kwa mapenzi, wakitafuta maombi, lakini picha moja inasafiri mbali. Waombee bila picha.

La pili, wakikuambia risasi au vipande vyake vimeachwa mwilini, usifikiri mmedharauliwa kwa kuwa ni wakimbizi. Mara nyingi kuifukua kunaharibu nyama na mishipa kuliko kuiacha, na matajiri wa nchi hii wanaachiwa vilevile. Uliza swali moja: imekaa karibu na kiungo, kama nyonga au goti, au ndani yake? Risasi iliyo ndani ya kiungo inaweza kuachia sumu ya madini ya risasi (kwa Kiingereza lead) kwenye damu polepole, na hiyo kwa kawaida huondolewa au hufuatiliwa kwa vipimo vya damu. Mwanao naye ajue kila mara kumwambia fundi wa vipimo kwamba ana chuma mwilini kabla hajaingizwa kwenye MRI, mashine ya vipimo yenye sumaku kali.

Dawa kali za maumivu zikija nyumbani, zishike wewe. Zihesabu, zifungie, umpe mwenyewe kwa saa zilizoandikwa. Simtuhumu mtoto wako. Kwenye nyumba yenye watoto watano na wageni wanaoingia na kutoka, ndivyo zinavyotunzwa.

Usiku utakuwa mrefu. Atashtuka mlango ukigongwa, atakaa mbali na dirisha, atakasirikia wadogo zake kwa kitu kidogo, au atakaa kimya mbele ya simu mpaka alfajiri. Wiki za mwanzo hayo ni ya kawaida kwa mtu aliyeponea chupuchupu, na kumwambia "wewe mwanaume, jikaze" hakumsaidii. Yakipita mwezi bila kupungua, anahitaji mtaalamu wa afya ya akili, na huyu bwana ndiye atakayejua yupi anawafaa vijana na ana nafasi ya karibu, kwani foleni za huduma hizo ni ndefu. Mungu anaponya, nami naamini hivyo, na maombi yenu yaendelee; mpeleke na kwa mtaalamu.

Tena mama, naomba ujiangalie na wewe. Watu waliosikia milio ya risasi kijijini kwao wakakimbia na watoto mgongoni, tukio kama hili linawarudisha kule kule. Nimewaona akina mama ambao kijana amepona, anacheza mpira, na mama bado hali, hawezi kuvumilia mtoto akichelewa nusu saa. Programu nyingi zinahudumia familia nzima. Mweleze mfanyakazi wa programu kwamba mlitoka vitani, kwa sababu kwa kumtazama tu hawezi kujua.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Programu yenyewe hamlipii kitu, na ni ya hiari: mnaweza kukataa leo mkakubali mwezi ujao, au kuomba mtu mwingine kama huyu hamuelewani naye. Mara nyingi hudumu miezi sita hadi mwaka. Kila jimbo pia lina mfuko wa kuwafidia waathirika wa uhalifu, unaosaidiwa na sheria ya shirikisho ya 1984. Fedha za shirikisho hutoka hasa kwenye faini wanazotozwa waliotiwa hatiani. Baada ya bima kulipa sehemu yake, mfuko unaweza kulipia matibabu yaliyobaki, ushauri nasaha, na mshahara uliopotea. Masharti na muda wa kuomba hutofautiana jimbo kwa jimbo, na mengi yanataka tukio liwe limeripotiwa polisi, kwa hiyo jazeni fomu mapema. Kumsaidia mzazi kuijaza ni sehemu ya kazi ya huyu bwana. Kuomba hakutawaharibia karatasi zenu za ukaazi: wakimbizi hawamo katika wale wanaopimwa kwa kutumia misaada ya serikali. Shuleni, mwambieni huyu bwana awasaidie kupata barua ya daktari ili mwalimu aje nyumbani au masomo yaendelee kwa kompyuta mpaka mguu upone, na mkubaliane mapema atakuwa akipita njia gani kurudi darasani.

Haya ya kanisani. Kupigwa risasi si ushahidi wa kuwa kwenye genge. Tangu 2020 silaha za moto ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa Marekani wa umri wa mwaka 1 hadi 19. Zimezipita ajali za magari. Wanapigwa wakiwa kwenye baraza, kituo cha basi, wakitoka kazini kama mwanao. Inawezekana pia kuna jambo hujui, rafiki fulani, ugomvi wa mtandaoni. Hata kama lipo, kitandani si mahali pa kumhoji. Akiona nyumbani kwake pamegeuka mahakama, atahamia kwa wale ambao hawamuulizi kitu, na hao ndio hatutaki awaendee. Umwambie tu kwamba unamtaka hai, na kwamba mlango wako hautafungwa kwa jibu lolote atakalokuja kutoa siku yoyote.

Halafu hili la kwenda kwa mjomba. Mume wako hajakosea kulifikiria. Zipo hali ambazo kuhama ndiyo salama: mpigaji anajua mnapokaa, au vitisho vinaendelea kuja. Mfanyakazi wa programu ana uzoefu wa kupima hilo, na baadhi ya majimbo hulipia gharama za kuhama kutoka kwenye ule mfuko wa fidia. Ila kumtoa kijana kitandani na kumpandisha basi usiku ule ule nisingeshauri. Kidonda kinahitaji kliniki, nyuzi zina siku ya kutolewa, na Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ya jimbo lenu kwa kawaida haitalipia kliniki ya jimbo jingine. Lazima iombwe upya akihamia. Kijana aliyepelekwa mbali bila kuulizwa, asiye na shule wala rafiki, anakaa siku nzima na simu yake akifuatilia habari za mtaa aliotoka, na wengi hurudi wenyewe kabla hawajapona.

Kwa hiyo mwiteni huyu bwana, wewe na baba yake, kabla ya siku ya kuruhusiwa, na mkalimani akiwepo, na mwanao naye asikie na aseme. Mume wako amuulize maswali yake yote ya polisi uso kwa uso. Mkiamua aende, ombeni nakala za rekodi zake na picha za eksirei, na mumuulize kama mji wa mjomba una programu ya namna hii, kwa kuwa zina mtandao wa kitaifa na zinaweza kukabidhiana kijana. Mjomba aelezwe kila kitu kabla hajakubali: kidonda, dawa, usiku usio na usingizi, na kwamba polisi wanaweza kupiga simu. Mkiamua abaki, bwana huyo aje nyumbani wiki ya kwanza, na mara ya kwanza anapokuja wewe uwepo.